Tupeane uzoefu: Kiongozi wa eneo lako alipopata ajali, polisi walisema nini, na walisema lini?

Wakuu, salaam. Naomba tukusanye hapa tuliyoyashuhudia pale kiongozi wa eneo anapopata ajali ya gari, awe diwani, meya au mwendesha mashtaka. Sitaki majina wala udaku. Nataka tuangalie kinachofanyika tangu gari linapogonga hadi taarifa ya polisi inapotoka, maana naamini ukweli mwingi hupotelea hapo, kabla hata wakili hajapigiwa simu.

Nianze na kisa ambacho rekodi zake ziko wazi. Usiku wa tarehe 12 Septemba 2020, Jason Ravnsborg, Mwanasheria Mkuu wa jimbo la South Dakota nchini Marekani, aligonga kitu akiwa peke yake garini. Alipiga simu ya dharura mwenyewe, na maelezo yake yakawa kwamba alidhani amegonga kulungu. Sherifu, yaani mkuu wa polisi wa kaunti, alifika, hawakuona mtu gizani, na sherifu huyo akamwazima gari lake binafsi arudi nyumbani. Kesho yake asubuhi, Ravnsborg alipokuwa akilirudisha, ndipo alipoukuta mwili wa mtembea kwa miguu pembeni mwa barabara. Miwani ya marehemu ilipatikana ndani ya gari lililomgonga. Miwani, jamani, ndani ya gari.

Kuna mambo yaliyofanyika sawasawa pia. Kwa kuwa wapelelezi wa jimbo walikuwa chini ya ofisi yake mwenyewe, waliletwa wapelelezi wa jimbo jirani la North Dakota kusaidia. Februari 2021 video za mahojiano yake zikawekwa hadharani, kila mwananchi akamsikia anavyojibu. Agosti 2021 hakupinga makosa mawili madogo ya barabarani, akatozwa faini bila kifungo, na tarehe 21 Juni 2022 Seneti ya jimbo ikamwondoa madarakani. Adhabu unaweza kuibishia mpaka kesho, lakini kilichotokea kinajulikana. Karibuni.

Mvuta Magari:
Mimi ni dereva wa brekidauni. Niliitwa usiku kuvuta gari la ofisi ya umma lililoingia mtaroni. Aliyenipigia hakuwa polisi, na alitaka gari liende gereji ya mtu binafsi, siyo kituoni. Nilifika, nikatazama huku na huku: hakuna askari, hakuna aliyepima chochote, alama za matairi bado mbichi kwenye lami. Nilikataa kufunga winchi mpaka trafiki aje apime na apige picha. Nilitukanwa sana, lakini alikuja.

Kuna kitu kimoja watu wengi hawakijui. Mkanda uliovaliwa kwenye kishindo kikubwa huacha ushahidi. Kitambaa kinachubuka pale kinapopita kwenye chuma, na mara nyingi hugoma kurudi mahali pake. Ule wa dereva nilioukuta ulikuwa umejikunja vizuri, laini kama mpya, na ulivutika bila shida. Taarifa iliyotoka baadaye ilisema dereva alinusurika kwa sababu alifunga mkanda. Nilikwenda kituoni kuandikisha maelezo yangu, na nilidai yasomwe mbele yangu kabla sijasaini.

Muuguzi wa Zamu ya Usiku:
Sitasema lolote la mgonjwa yeyote, siri ya mgonjwa naiheshimu. Nitasema kuhusu saa tu.

Mwili huondoa pombe kwa kasi inayokadiriwa kuwa miligramu 15 katika kila mililita 100 za damu kwa saa moja. Mtu akiwa na 100 wakati wa ajali, baada ya saa nne anaweza kusoma 40, na katika nchi nyingi ambako kikomo ni 50 au 80 ataonekana hana kosa. Kwa hiyo nikiona mheshimiwa analetwa na gari binafsi, amezungukwa na watu wanaopokea simu kwa niaba yake, na askari mwenye kipima ulevi anatokea kunakaribia kupambazuka, najua kipimo hicho hakitasema chochote cha maana. Nimeliona hilo. Sisemi alikuwa amelewa. Huenda hakugusa hata tone, na kama ni hivyo basi yeye ndiye aliyeonewa kuliko wote, kwa sababu hana tena njia ya kujisafisha. Taarifa ikisema "alipimwa" bila kutaja saa ya kupimwa, ulizeni saa.

Trafiki Mstaafu:
Nimesoma yote, na naomba niwatetee wenzangu kidogo. Kuna vitu polisi hawapaswi kuvitoa mapema: jina la marehemu kabla ndugu hawajaambiwa, mashahidi, maelezo ya mtuhumiwa kabla hayajathibitishwa. Hiyo siyo kuficha.

Ila saa ya ajali, mahali, nani alikuwa kwenye usukani, amepimwa saa ngapi, gari limehifadhiwa wapi na nani anapeleleza, hayo hayaharibu upelelezi hata chembe. Ajali ya bodaboda tunayasema siku hiyo hiyo. Kwa mheshimiwa tunaambiwa "uchunguzi unaendelea", wiki zinapita.

Niliwahi kupewa amri ya mdomo nipeleke jalada ofisini kwa mkubwa, mchoro wa eneo la ajali ukiwa bado haujakamilika. Amri ni amri, nililipeleka. Lakini kwanza niliandika kwenye kitabu cha matukio: saa, nani kaagiza, jalada lina kurasa ngapi, nani kalipokea. Jalada lilirudi na kurasa zake zote. Vijana mlioko kazini, kitabu kile ndiyo kinga yenu.

Dereva wa Ofisi:
Nilikuwa naendesha viongozi. Siku hiyo bosi alinishusha njiani, akachukua gari mwenyewe, akamgonga mtu. Kabla polisi hawajafika nilipigiwa simu: njoo haraka, utasema wewe ndiye ulikuwa unaendesha, mengine tutayamaliza. Nina watoto na kazi ile ndiyo iliyokuwa inatulisha. Nilikataa. Kazi ikaisha mwezi uleule, kwa sababu nyingine kabisa kwenye barua. Kwa hiyo mtu akiuliza "kwa nini mnataka sana kujua nani alikuwa kwenye usukani", jibu ndilo hilo. Nyuma ya ajali ya gari la ofisi huenda kuna dereva anayeombwa abebe mzigo wa mwenzake.

Mwandishi wa Mtaani:
Mleta mada, ongeza kisa cha Timothy Murray, aliyekuwa Naibu Gavana wa Massachusetts. Novemba 2011 aligongesha gari la serikali alfajiri. Mwanzoni ilielezwa kwamba aliteleza kwenye barafu, mwendo wa kawaida, mkanda kafunga. Januari 2012 zikatolewa kumbukumbu za kifaa cha ndani ya gari: maili 108 kwa saa, sawa na kilomita 174 hivi, na mkanda hakufunga. Baadaye alisema huenda alisinzia. Magari mengi ya kisasa yana kifaa hicho, hutunza mwendo, breki na mkanda kwa sekunde za mwisho kabla ya kishindo. Tangu nijue hilo, swali langu la kwanza kwa msemaji wa polisi ni moja: kumbukumbu za gari zimeshachukuliwa, na na nani? Mara nyingi msemaji hunyamaza kwanza, kisha anasema atanipigia. Nikiuliza kwa barua, jibu huja haraka zaidi.

Ndugu wa Majeruhi:
Asanteni, nimesoma kila neno. Mdogo wangu aligongwa na gari la kiongozi, hadi leo anatembelea magongo. Bima wanataka nakala ya taarifa ya polisi, na bila hiyo hawalipi hata dawa. Kituoni nilizungushwa, leo mpelelezi yuko safari, kesho jalada liko kwa mkubwa. Mwisho nikapewa nakala ambayo haina mchoro wala saa ya kupimwa dereva, ina majina na namba za magari basi.

Trafiki Mstaafu na Mwandishi wa Mtaani, nimefuata mliyosema. Leo asubuhi nimepeleka barua ya kuomba mchoro, saa ya kipimo na jina la anayeshikilia jalada, na nikaomba nakala yangu igongwe muhuri wa kupokelewa. Askari wa kaunta aliniuliza nani amenifundisha hivi. Nikamwambia ni haki ya mgonjwa wangu. Akagonga muhuri. Sasa naomba mwenye uzoefu aniambie: wakikaa kimya, barua ya pili naipeleka kwa mkuu wao au moja kwa moja kwa mwendesha mashtaka?