Bunduki ya upepo ya bei chee: niweke springi ngumu zaidi au niache?

MpwapwaOriginal:

Wakuu habari za wikendi. Naomba msaada kwa wenye uzoefu na bunduki za upepo, zile za kukunja mtutu zenye springi ndani. Wale wa "uza ununue nyingine" piteni kushoto tu maana hela yenyewe ndio hamna.

Nipo huku Uingereza, Lincolnshire karibu na Spalding, kazi yangu mashamba ya kabichi. Mwenye shamba analia na sungura kila siku, wanamaliza miche mstari mzima, asubuhi unakuta vimebaki vijiti kama mswaki uliotafunwa. Siku moja tumekaa kwenye trela tunakunywa chai akaniuliza kwenu mnawinda, nikamwambia mimi nilikuwa mtu wa manati, akacheka sana, akasema basi tafuta bunduki ya upepo nakupa ruhusa ya jioni na wikendi. Nikapata ya Kichina, kaliba .22, ya mtumba, pauni 70 na skopu (darubini ya kulengea) yake juu. Jina lake siliweki maana sitaki kesi.

Sasa shida. Kwanza ukifyatua inalia TWAAANG kama kitanda cha gesti. Halafu risasi hazikai sehemu moja, yadi 25 naweka karatasi, napiga tano zinatawanyika upana wa kisahani cha chai. Na siku za mwanzo ilikuwa inatoa kamoshi na harufu ya mafuta yaliyoungua na ilikuwa inapiga kwa nguvu kweli, siku hizi moshi umepungua naona kama imelegea. Juzi nimempiga sungura nikasikia kabisa pap! akakimbia akaingia shimoni. Roho iliniuma aisee, sikulala vizuri.

Nimeona mtandaoni wanauza springi ngumu zaidi. Nikiweka hiyo itasaidia? Na kuifungua mwenyewe nyumbani inawezekana?

FundiJiliwa:

Mkuu hiyo springi ngumu usinunue, rudisha hela mfukoni kanunue mchele. Nina miaka kumi na kitu nafungua hizi vitu hapa Birmingham, na kila anayekuja na bunduki imeharibika hadithi ni hiyo hiyo, aliongeza springi.

Kamoshi ulikokuwa unakaona ni mafuta ya kiwandani yanaungua ndani ya silinda. Pistoni ikija mbele inabana hewa ghafla, hewa inapata moto sana, ikikuta mafuta yanawaka, inakuwa kama injini ya dizeli. Ndio ile nguvu uliyoipenda. Ilikuwa ajali, tena inakata springi na kuua sili, ile ya kichwani mwa pistoni inayozuia hewa isivuje. Bunduki yako haijalegea, imeanza kuwa ya kawaida.

Kelele ya TWANG ni springi inacheza. Ndani ya springi kuna kile kipande cha kuishikilia isiyumbe, sisi tunaita gaidi (sio gaidi wa kwenye taarifa ya habari lol). Kwenye hizi za bei chee gaidi ni jembamba, springi inabaki na nafasi, ukifyatua inatikisika na kujigonga. Ukipata gaidi la plastiki ngumu linalobana, hata la kuchongesha kwa mtu mwenye mashine ya kukereza, nusu ya kelele inakufa.

Kabla ya kufungua chochote fanya vitu vitatu vya bure. Kaza skrubu za kitako, najua zimelegea hata bila kuiona, zinalegea zote. Angalia skopu, ishike uitikise, hizi bunduki zinairudisha skopu nyuma kidogo kidogo kwenye reli mpaka unashangaa mbona jana ilikuwa inapiga. Tatu kata ukanda wa toilet paper uweke juu pale mtutu unapokutana na silinda, fyatua ukiwa na risasi ndani, karatasi ikiruka ujue sili ya pale inavuja upepo, ni kipete cha pauni moja tu. Ukimaliza tafuta mtu mwenye kronografu upime spidi, ulete namba hapa.

BudaWaLeeds:

Niko na swali tofauti boss, sheria umesoma? England na Wales bunduki ya upepo isiyozidi futi-paundi 12 (ndio kipimo cha nguvu ya risasi ikitoka mtutuni) haihitaji cheti, ukizidi hapo tu hiyo ni firearm kamili, bila cheti cha polisi ni kosa la jinai. Hakuna kusema eti sikujua springi imeongeza. Scotland ndio usivuke nayo kabisa, huko tangu mwisho wa 2016 hata hizi ndogo zinataka cheti. Na ruhusa ya mwenye shamba aiandike kwa karatasi utembee nayo mfukoni, bunduki kwa begi lake ukiwa barabarani, bila risasi ndani. Mtu mweusi, jioni, shambani, na bunduki. Nadhani nimeeleweka.

Njiwa pia usidunde ovyo ovyo, wale wa mashambani unawapiga chini ya leseni ya jumla GL42, ambayo ni ya kuzuia hasara kubwa kwa mazao, ina masharti yake isome kwanza. Sungura ni rahisi, ruhusa ya mwenye ardhi inatosha.

Na usizoee sana, kwetu Kenya uwindaji ulipigwa marufuku tangu 1977, ukirudi likizo na hizi tabia utatembelewa lol

MpwapwaOriginal:

Asante wakuu, buda nimekuelewa sana hapo kwenye jioni, karatasi ameshasaini leo.

Skrubu mbili za mbele zilikuwa zinazunguka kwa kidole!! Toilet paper haikuruka. Nimempata mzee mmoja wa klabu ya kulenga shabaha hapa ana kronografu, nimepiga kumi na peleti (ndio risasi zake) za JSB, uzito greini 15.89. Namba zinaruka ruka, ya chini 530 ya juu 640, futi kwa sekunde. Mzee akaangalia ile 640 akanyamaza, akaninunulia chai, akaniambia kijana hii usiende nayo popote kwanza. Sijaelewa, si hata haijafika 700?

FundiJiliwa:

Mzee huyo ni mtu mwema, msalimie. Hesabu yake ni hii: spidi zidisha kwa spidi, zidisha kwa uzito wa peleti kwa greini, gawanya kwa 450240. Jibu ni futi-paundi. Ile 530 inakupa 9.9. Ile 640 inakupa kama 14.5. Yaani ndani ya dakika tano umekuwa raia mwema na umekuwa mhalifu, bunduki ile ile. Kwa peleti hiyo mwisho wako ni kama 583, na usikae pale pale ukingoni maana peleti nyingine inaweza kukuvusha, kaa kwenye 11 au chini yake.

Na hapo hapo ndio jibu la kwa nini risasi zinatawanyika. Peleti moja inatoka 530 nyingine 640, moja inashuka nyingine inapanda, utalengaje? Huna shida ya nguvu, una shida ya mafuta. Ifungue uisafishe.

Sasa sikiliza hapa vizuri. Springi ndani haijalala, imebanwa hata kabla hujaikunja. Mimi ya kwanza niliifungulia jikoni 2011 nimeishikilia kwa tumbo, nikatoa pini, kile kizibo cha nyuma kikaniponyoka kikaenda kugonga mlango wa friji, mbonyeo upo mpaka leo na mke wangu anawaonyesha wageni. Ingekuwa jicho leo nisingekuwa naandika. Tafuta klampu ndefu ya seremala, ile ya kubania mbao zenye gundi, bunduki iwe haijakunjwa na haina risasi, bana kizibo kidogo, pini ikilegea toa, halafu legeza klampu taratibu mpaka springi iishe nguvu. Miwani ya kazi usoni.

Ukishatoa pistoni utakuta grisi ya kiwandani kama uji wa ulezi uliolala. Futa yote, kitambaa na spiriti mpaka kitoke cheupe. Kisha pitisha kidole POLEPOLE kwenye ule mfereji mrefu wa silinda unapopita mkono wa kukunjia, utakuta kingo kali kama kopo la nyanya lililofunguliwa kwa kisu, hizo ndizo zinachana sili wakati wa kurudishia. Chukua tupa ndogo uziue, malizia na msasa namba 400 halafu 600. Usiguse ukuta wa ndani ambako sili inatembea, pale acha kama palivyo.

Kurudishia, grisi ya molibdeni, kidogo. Nikisema kidogo namaanisha unapaka halafu unafuta, kinachobaki ndicho kinachotakiwa. Pembeni mwa pistoni na mgongoni mwa sili, MBELE ya sili usiweke kitu. Springi ipake ile grisi nzito inayonata kama ulimbo, nyembamba tu, inanyamazisha. Watu wengi hapa ndio wanaharibu, anasafisha vizuri kisha anapaka kama anapaka mkate siagi, moshi unarudi pale pale.

Na jambo la mwisho naomba ulikariri, ukikunja mtutu ukiwa unaweka risasi, mkono mmoja uushike mtutu muda wote mpaka ufunge. Triga ya bei chee ikiachia mtutu unajifunga wenyewe, vidole viko katikati. Na usifyatue bila risasi, pistoni inaenda kugonga chuma bila mto wa hewa.

KijanaWaIlala:

Pauni 70 + klampu + grisi + gaidi + kronografu... bro si ungenunua sungura sokoni tu

AbuNasra_Leicester:

Mwacheni kijana wa watu, raha yake haiko sokoni.

Mimi sio fundi lakini nimewinda sana na hizi. Kaka, vile unavyoishika ndio tatizo lako la pili, naweza kuapa. Umetoka kwenye sinema unaibana begani kwa nguvu zote. Hii kitu ukifyatua inaruka nyuma, pistoni ikifika mwisho inaisukuma mbele, na yote hayo peleti bado ipo ndani ya mtutu inasafiri! Ukiibana, kila mara unaibana tofauti, na kila mara inaruka tofauti. Ilaze juu ya kiganja kilichofunguka kama umebeba trei ya vitumbua, begani iguse tu, iache iruke inavyotaka. Jaribu leo utanishukuru.

Halafu jipimie umbali kwa sarafu. Weka pensi kumi kwenye karatasi, chora duara. Umbali ambao risasi tano mfululizo zinaingia ndani ya duara, ukiwa umekaa vile utakavyokaa shambani na sio juu ya meza, huo ndio umbali wako. Ikiwa ni yadi 18, basi yadi 18. Kichwa cha sungura, kati ya jicho na sikio, sehemu ya kuua sio kubwa kuliko hiyo sarafu. Mwilini usipige kabisa, ndio yule wako wa juzi aliyeingia shimoni. Jua likizama wanatoka kula, lala pembeni mwa uzio upepo ukija usoni, wanasogea wenyewe huna haja ya kupiga mbali.

Na kama ni Muislamu, mimi nasema bismillahi kabla ya kufyatua na kisu kipo kiunoni, nikimkuta ana uhai namchinja. Akishakufa kwa peleti kabla sijafika simli, nampa jirani yangu Mpolandi anashukuru sana. Masheikh wana maneno yao kwenye hili, muulize wako.

MpwapwaOriginal:

Wiki tatu baadaye wakuu, mrejesho.

Klampu nimeazima kwa mzee wa klabu na yeye akaja kusimamia, akaleta na biskuti. Ile grisi ya ndani fundi hukutia chumvi, tena ilikuwa na vipande vya chuma ndani yake vinang'aa kama glita. Kwenye mfereji nimejikata kidole japo uliniambia polepole. Gaidi mzee kalichonga kwenye mashine yake kwa pauni 10, springi nimeacha ya zamani ile ile. Kurudishia pini ndio ilitutesa, saa nzima mzee anatukana kwa Kiingereza cha zamani.

Namba mpya: kumi zote kati ya 544 na 556. Nimepiga hesabu ya 550 imekuja 10.7. Kelele sasa ni tup, basi. Yaani imepungua nguvu kuliko ile siku ya 640 lakini sijui nielezeje, kama imekuwa bunduki nyingine. Na sheikh ile trei ya vitumbua inafanya kazi walahi, siku ya kwanza sikuamini. Duara la pensi kumi naingiza tano kwa yadi 22, nikienda 25 moja inatoka nje, kwa hiyo nimejichorea mstari hapo kwenye 22.

Nimekaa jioni nne, nimepata watatu, wote hapo hapo, hakuna aliyekimbia. Jioni moja alikaa mkubwa kabisa kama yadi 35 ananiangalia anatafuna kabichi ya watu, nikamwacha. Bosi aliponisikia nimemwacha alinuna kidogo.

Sasa swali lingine, huyu sungura wa huku nyama yake haina mafuta kabisa, nimemchemsha akawa kama kamba. Mnampikaje?

AbuNasra_Leicester:

Umemchemsha wazi wazi tu?? Astaghfirullah. Mkate vipande, mlaze usiku kucha na ndimu, tangawizi na kitunguu saumu, kesho mpike moto mdogo saa moja na nusu sufuria limefunikwa, tui zito unaweka mwishoni. Ukipata chapati usinisahau.