Msaada: sabuni gani inamfaa sungura mweupe?

Baba Neema: Wakuu habari za jioni. Nina sungura jike, mweupe, ni wa binti yangu yuko bodingi anarudi Jumamosi. Manyoya yameshikana mgongoni hadi kwenye tumbo na masikioni ana magamba kama pumba. Nimuogeshe na sabuni gani? Maji yako jikoni.

Mzee wa Mabanda: Sungura haogeshwi mkuu. Anajilamba mwenyewe kama paka, ukimlowesha anapata baridi na mshtuko, anaweza kukufia mkononi. Hayo magamba masikioni ni utitiri. Mgongoni yameshikana na nini?

Mama Kachori: Mnafuga sungura wakati kuku wamejaa, mi wangu walitafuna waya wa friji tukalala giza siku mbili

Baba Neema: Yameshikana tu, uchafu wa kawaida

Mzee wa Mabanda: Uchafu gani? Rangi yake?

Baba Neema: Mweusi. Jamani fundi pikipiki hapa jirani aliniambia oil chafu inamaliza ukurutu, mbwa wake alipona, nikampaka kidogo na brashi. Ni dawa ya kienyeji msinihukumu. Nataka tu kuitoa

Mzee wa Mabanda: Ewaaa. Sasa hiyo oil anailamba yote, na sungura hatapiki, kikiingia kimeingia. Mfute na taulo kavu taratibu maana ngozi yake inachanika kirahisi, mfunike na kitambaa asijilambe, na umkimbize kwa daktari wa mifugo. Kuoshwa aoshwe huko. Utitiri ni sindano ya ivermectin kwa uzito wake, usimdunge mwenyewe. Na ile dawa ya viroboto ya mbwa yenye fipronil usiiguse kabisa, sungura inamuua.

Mlokole_wa_Kimara: Biblia inasema mwenye haki hujali uhai wa mnyama wake

dogo_jeuri: Hii chai. Mwezi jana si wewe uliyeuliza hapa sungura anachomwa dakika ngapi?? Leo una huruma, leta picha

Mama Kachori: 😂😂 kumbe

Baba Neema: Walikuwa watatu. Huyu ndo mtoto alimpa jina, akapiga simu toka shule ananiuliza yeye tu, wale wengine hajawataja bado

dogo_jeuri: Daah. Usiku huu kuna dokta?

Baba Neema: Nimempata mmoja kwa simu kasema nije sasa hivi. Yuko kwenye boksi, nimemfunga na fulana yangu kabaki kichwa, anasaga meno sijui ndo maumivu. Maji wife keshayatia majani ya chai

Mama Kachori: Na hao wawili utamwambia walienda wapi?