Naomba ushauri: 4x4 ya zamani, baridi kali na chumvi ya barabarani

Wakuu, heshima kwenu. Naishi Duluth, Minnesota, mji uliokaa mteremkoni juu ya Ziwa Superior, na naendesha Toyota 4Runner ya 1997, V6 ya lita 3.4, 4x4 ya kuingiza kwa mkono. Gari nalipenda sana, sina mpango wa kuliuza.

Kinachoninyima usingizi ni chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu. Nimeingia uvunguni na tochi: chesisi (fremu ya chuma inayobeba gari) karibu na springi za nyuma inabanduka magamba ya kutu, na nikigonga kwa nyundo kuna sehemu inatoa mlio butu. Fundi mmoja anasema nipake rangi nzito nyeusi ya lami. Mimi naogopa itafungia maji ndani na kutu iendelee kula kimyakimya. Wenye uzoefu, mnapuliza mafuta ya lanolini (yatokanayo na sufu ya kondoo)? Na hapo penye mlio butu, panachomelewa kiraka au chesisi ndiyo imekwisha?

Halafu, baridi ikifika nyuzi -25, natia 4H (magurudumu yote manne yanavuta) na taa yake kwenye dashibodi inapepesa muda mrefu kabla ya kushika. Joto likipanda kidogo, inaingia mara moja. Ni oili ya difu imekuwa nzito? Nihamie oili ya sintetiki ya daraja la 75W-90? Betri ni mpya na hita ya injini naichomeka usiku, kwa hiyo kuwaka hakuna shida. Lami ikikauka narudisha 2H (magurudumu mawili ya nyuma tu).

Watoto nawapeleka shule na gari hili, kwa hiyo suala la chesisi ndilo naomba mnijibu kwanza.