Farasi amelala kwa dawa, presha imeshuka: kalsiamu au dobutamini?

Wa Njoro: Wakuu, salamu. Tulimpasua farasi wa polo kutoka Gilgil, utumbo umejisokota. Akiwa kwa isoflureni, ile gesi ya usingizi, presha ya wastani ikashuka hadi 55, na dripu inaingia vizuri tu. Mwenzangu alitaka kalsiamu, mimi dobutamini, dawa ya kuupa moyo nguvu. Mnasemaje?

Daktari Mzee, Nakuru: Kwanza punguza gesi, ndiyo inayolegeza moyo. Kisha dobutamini kwa pampu, mikrogramu 0.5 hadi 3 kwa kilo kwa dakika, mpaka upate 70. Chini ya hapo misuli aliyoilalia inakosa damu, na kumwinua farasi wa kilo 500 aliyekufa ganzi, kijana wangu, hutaki.

Nyanza Vet: Mzee yuko sawa, lakini mwenzako pia hakukosea. Farasi mwenye ugonjwa wa tumbo mara nyingi kalsiamu iko chini tayari, na gesi huishusha zaidi. Ile kalsiamu ya boroglukoneti ya ng'ombe wa homa ya maziwa inafaa, mradi uichanganye kwenye dripu, iende polepole, macho kwa mashine ya moyo. Mapigo yakipungua ghafla, funga. Usiipitishe mpira mmoja na baikaboneti, itaganda kama chaki.

Wa Njoro: Shukrani. Pampu ninayo, mashine ya moyo nitaazima.

Daktari Mzee, Nakuru: Azima kabla ya kisu.