Watoto wa Makorora, Tanga: safari ya Mama kwenda Njombe

ALHAMISI

[20:04] Da Halima: Assalaam alaykum wote. Nimetoka kwa Mama sasa hivi. Jana tena hajalala. Katandika mkeka barazani, mlango wazi, saa nane usiku yu macho anajipepea na kipande cha boksi. Joto la kaskazi mwaka huu si la mchezo. Nimeona hivi: aende kwa Zuhura Njombe akae mpaka kaskazi iishe. Kila mtu 50,000, nauli na matumizi ya njiani. Mwisho Jumapili.

[20:05] Da Halima: Mimi nimeshatoa.

[20:26] Da Halima: Naona mnasoma tu.

[20:33] Juma: mimi sijasoma, nimeona

[20:34] Da Halima: Juma si wakati wa utani.

[20:47] Mama Zuu: Waalaykum salaam dada. Kwani ile feni ya kusimama vipi?

[20:49] Da Halima: Feni inazungusha moto uleule. Bati linachemka mchana kutwa, usiku linamshushia yeye. Halafu hewa yenyewe nzito, jasho halikauki. Kanga anabadilisha mara tatu mpaka asubuhi.

[20:50] Juma: feni ya Kaka Bakari ile 😂 ukiiwasha jirani anafunga dirisha

[20:53] Kaka Bakari: Ile feni nilinunua peke yangu. Na siku ile pia ilisemwa tutachanga.

[20:53] Juma: eeh makubwa

[20:54] Da Halima: Bakari tusifukue.

[20:55] Kaka Bakari: Sifukui. Nasema tu.

[21:02] Nesi Amina: Shikamooni wakubwa. Msikate tikiti kabla hajapimwa presha. Huo mchanganyiko wa joto na kile kidonge cha kukojosha unamkausha maji, ndiyo maana asubuhi anaona kizunguzungu akisimama. Lakini na baridi nayo hubana mishipa, presha inapanda. Dozi ya Tanga huenda isimfae Njombe. Aende kliniki kwanza, waseme wao. Msimpunguzie wenyewe.

[21:03] Nesi Amina: Na kuna jambo la pili ni la hatari zaidi, naandika

[21:03] Juma: [picha]

[21:04] Juma: Da Zuhura mwezi wake wa kwanza Njombe 😂😂 kavaa mpaka soksi za mikononi

[21:04] Mama Zuu: Subhanallah huyu ni Zuhura au gunia la viazi

[21:05] Salma: 😂😂😂

[21:05] Kaka Bakari: Hilo koti la kijani si la marehemu Mzee?

[21:06] Juma: lenyewe

[21:06] Salma: Kumbe anacho yeye

[21:08] Nesi Amina: Jamani. JIKO LA MKAA. Watu wakitoka pwani wakaenda baridini, usiku wanaingiza jiko chumbani na kufunga madirisha. Ule moshi usioonekana hauna harufu, unamlaza mtu moja kwa moja. Mama lazima ataomba jiko, si ataona baridi? Nani atakuwa anamwangalia?

[21:10] Salma: Lakini koti lile tuliambiwa limegawiwa msikitini

[21:11] Da Halima: Mambo ya koti baadaye. Zuhura upo?

[21:24] Shemeji Yusufu: Habari za jioni wote. Zuhura ameuona ujumbe, anasahihisha madaftari. Mimi kama mwenyeji nasema karibu sana Mama. Msitishike. Ukipanda kila mita 1,000 joto linapungua kama digrii 6, na sisi tuko karibu mita 2,000. Kwa hiyo ni baridi ya kiasi, si ya kuua. Sasa hivi ni mvua na ukungu. Baridi yenyewe ni Juni na Julai, hapo umande unaganda, asubuhi majani meupe na viazi vinaungua shambani. Nilikuwa nawaza aje sasa, arudi kabla ya Juni, akute kusi inavuma Tanga na kumetulia.

[21:25] Juma: shemeji kafungua darasa, tuandike tarehe?

[21:26] Mama Zuu: Kaskazi juu, kusi chini. Mama awe mbayuwayu 😂

[21:27] Da Halima: Shemeji asante, nawe ndiye mtu mzima humu. Wengine mjifunze.

[21:28] Kaka Bakari: Akirudi Mei anakuta masika na mbu wake. Mmefikiria hilo?

[21:29] Da Halima: Bakari, wewe una njia gani? Dari umeahidi tangu lini?

[21:31] Kaka Bakari: Dari nilisema nitaweka. Mbao zimekatwa, fundi kaingia mitini. Ukiweka dari na ukapanda mwarobaini upande wa magharibi, hakuna haja ya mtu kwenda Njombe.

[21:32] Juma: mwarobaini mpaka ukue Mama ana miaka mia

[21:33] Kaka Bakari: Nyumba ile Mzee aliiezeka makuti. Aliyeshauri bati si mimi.

[21:33] Da Halima: Haya.

[21:34] Da Halima: HAYA BAKARI.

[21:58] Da Halima: Walionyamaza nahesabu wamekubali. Zuhura nasubiri neno lako tu. Safari nimeshaipanga: Tanga mpaka Morogoro, analala kwa mama mkubwa, kesho yake Iringa, Makambako, Njombe. Juma atamsindikiza.

[21:59] Juma: nani?

IJUMAA

[05:41] Zuhura: Assalaam alaykum. Nimeamka kusali, nikasema nijibu kabla sijatoka. Da Halima hukunipigia. Jina langu nimelikuta kwenye kikundi na nauli imeshachangwa.

[05:47] Zuhura: Niwaambie ya huku. Yale mafuta ya nazi aliyonipa Mama yameganda kwenye chupa tangu nifike, hayajawahi kuwa maji hata siku moja. Nikitaka kujipaka nayachokoa kwa mpini wa kijiko, au nalala nayo kwapani asubuhi yakubali kutoka. Nikifua Jumamosi, Jumatano nguo bado mbichi, namalizia kwa pasi. Maharage unaweka jikoni asubuhi, huku juu maji yanachemka kabla hayajapata moto wa kutosha, mchana bado magumu. Adhana naisikilizia kwenye simu. Vitoto vya jirani vinakimbia pekupeku na mimi nimevaa masweta mawili nimejikunyata.

[05:49] Zuhura: Na nisiseme uongo, usingizi wa huku sijawahi kuupata Makorora. Blanketi mbili, mbu hakuna. Wanangu malaria hawaijui, ile ya Desemba waliitoa hukohuko kwenu. Mama angelala. Usiku angelala.

[05:52] Zuhura: Tatizo ni mchana. Natoka saa kumi na mbili narudi saa kumi. Yusufu yuko shambani kwenye miti yake. Majirani wazuri sana ila wazee wao wanaongea Kibena, na Mama asipopata wa kubishana naye anaugua. Pale barazani kila anayepita anamsalimia. Huku atakaa anatazama kioo kimejaa ukungu. Mimi kijana naona siku haiishi, na ndiyo maana nimeomba uhamisho. Nilitaka niwaambie tukiwa tumekaa.

[05:58] Shemeji Yusufu: Uhamisho wa kwenda wapi?

[06:03] Juma: 👀

[06:04] Nesi Amina: Juma!

[06:20] Da Halima: Basi hilo tutalizungumza ninyi wawili mkishazungumza. Kwa Mama, mimi siwezi kusubiri uhamisho. Joto halisubiri.

[06:31] Zuhura: Najua hamsubiri. Siku ya Mzee mlisubiri?

[06:32] Zuhura: Nilikuwa njiani.

[06:40] Mama Zuu: Zuhura mdogo wangu jamani

[06:44] Kaka Bakari: Niliwaambia tusilete haya kwenye simu.

[06:51] Da Halima: Ujumbe huu umefutwa

[06:52] Da Halima: Ujumbe huu umefutwa

[10:15] Shangazi Mwajuma: Assalaam alaykum, jana nilikuwa shamba Pongwe hakuna mtandao. Hongera sana Zuhura kwa uhamisho, inshallah utakuja Tanga mjini. Nani anaoa?

[10:17] Salma: Shangazi hakuna anayeoa

[10:17] Shangazi Mwajuma: Michango ya nini sasa

[11:02] Ba'mdogo Athumani: Wanangu. Anayeandika ni mjukuu, mimi nasema yeye anaandika. Nimesomewa yote tangu jana. La kwanza. Aliyesema kaka yangu azikwe alasiri ni mimi. Si Halima. Zuhura alikuwa hajavuka Kitonga, lori limelala katikati ya mlima, akasema atafika alfajiri. Ilikuwa Februari, jua kama hili la leo. Nikasema maiti hailazwi na joto hili. Halima aliniomba tusubiri, akaniomba tena, nikamkatalia mbele ya watu. Ingekuwa leo ningemkatalia vilevile. Miaka yote hii mmemnunia bure na yeye hakusema. La pili. Mimi nilikaa Lupembe, hukohuko Njombe, kwenye chai nikiwa kijana. Baridi inazoeleka. Kutoka kwao mpaka hapa ni zaidi ya kilomita 800 na hizo hazizoeleki. Mama yenu ana umri wake. Kabla ya tikiti, kila mmoja aandike hapa: Mungu akimchukua akiwa huko, anazikwa huko au anarudishwa? Nani anasema? Mkishaafikiana hilo mpelekeni, mimi nitatoa nauli yote.

[13:38] Mama Zuu: Shikamoo Ba'mdogo. Tumesikia.

[13:40] Salma: Tumesikia baba

[13:55] Kaka Bakari: Shikamoo Ba'mdogo. Mimi nasema arudishwe. Na nasema asiende.

[14:10] Shangazi Mwajuma: Kaka hayo ya kaburi yanaandikwaje kwenye simu, mwenyewe si anasoma?

[14:11] Juma: Mama hayumo, simu yake ya tochi

[14:12] Salma: Juma alimuunganisha siku ya Idi kwa simu ya Zuu

[14:12] Juma: Ujumbe huu umefutwa

[16:25] Zuhura: Ba'mdogo shikamoo. Sikujua.

[16:26] Zuhura: Da Halima nitakupigia usiku.

[16:50] Nesi Amina: La jiko bado hamjanijibu.

[17:03] Shemeji Yusufu: Amina nimekusikia. Chumba cha Mama ni kile cha jua la asubuhi. Mkaa hautaingia ndani, nitanunua chupa za mpira za maji ya moto, mbili za miguuni. Dirisha linabaki wazi kidogo juu. Kwa swali la Ba'mdogo, mimi si mwenye mji, siwezi kuandika. Uwanja wetu upo, lakini hilo ni la kwenu.

[17:05] Nesi Amina: Asante shemeji. Na kliniki kabla ya safari. Nani anampeleka?

[17:06] Nesi Amina: ?

[18:40] Da Halima: Assalaam alaykum. Waliotoa mpaka sasa: mimi, Amina, Shangazi Mwajuma (30,000). Sijarudisha pesa ya mtu na sijakata tikiti. Ba'mdogo nimesikia. Nitaandika jibu langu, si leo. Kliniki nampeleka mimi Jumatatu.

[18:41] Da Halima: Bakari fundi wa dari anakuja lini? Taja siku.

[18:55] Kaka Bakari: Wiki ijayo.

[18:55] Da Halima: Siku.

[19:20] Zuu: [ujumbe wa sauti 2:14]

[19:21] Zuu: Ni Bibi huyo, amesema niwatumie wote

[19:24] Da Halima: Nani kamwambia???

[19:26] Shangazi Mwajuma: Simu yangu sauti haifunguki, mtu aandike anasemaje

[19:31] Juma: dakika nzima ya kwanza anauliza ufunguo wa stoo nani kauchukua

[19:32] Mama Zuu: Halafu anasema koti la Mzee alimpa Zuhura mwenyewe kwa mkono wake, watu waache maneno

[19:33] Salma: Sawa. Na Njombe?

[19:35] Mama Zuu: Kauliza huko samaki wanafika wabichi au wakavu

[19:36] Shemeji Yusufu: Perege wabichi wapo. Wa bahari wanakuja kwa barafu.

[19:37] Salma: Kwa hiyo amekubali au amekataa?

[19:38] Mama Zuu: Mwisho sijaelewa, Zuu kakohoa katikati

[19:40] Kaka Bakari: Amekataa. Mtu akiuliza samaki hivyo amekataa.

[19:41] Da Halima: Hajakataa. Amesema "tutaona hiyo Jumatatu". Sikilizeni vizuri dakika ya pili.

[19:42] Juma: Jumatatu mimi nina kazi, nisihesabiwe kusindikiza

[19:43] Da Halima: Na ufunguo wa stoo nani anao?