Mrithi wa Roma alitambulikaje kwenye sarafu?

Mwalimu, Moshi: Habari za jioni, ndugu zangu. Wanafunzi wangu wa historia, baada ya kutazama picha za sarafu za fedha za Roma, wameuliza ni kwa alama zipi mtu wa kawaida aliweza kumtofautisha mrithi na mtawala mwenyewe. Naomba msaada wenu.

Mkusanyaji, Arusha: Mwalimu, anza na kichwa. Mtawala huvikwa shada la majani, ilhali mrithi kwa kawaida huwa kichwa wazi. Marcus Aurelius, alipokuwa mrithi wa mtawala Antoninus Pius, huonekana kijana asiye na shada, na maandishi humtaja kwa cheo cha Caesar, yaani mrithi, kwa kuwa cheo cha Augustus, yaani mtawala mkuu, kilikuwa cha baba yake wa kuasili.

Msomaji, Moshi: Naongeza tahadhari: katika enzi ya mtawala Konstantino, mwanawe Crispus huonekana na shada ingawa alikuwa Caesar tu, kwa hiyo ni lazima kusoma maandishi. Hata hivyo, mfano niupendao zaidi ni dinari (sarafu ya fedha) ya Augustus, mtawala wa kwanza wa Roma aliyeitwa kwa jina hilo, iliyopigwa Lugdunum, yaani Lyon ya leo, kuanzia mwaka 2 KK, inayowaonyesha Gaius na Lucius, wajukuu aliowaasili, wamesimama pamoja na ngao na mikuki, wakitangazwa viongozi wa vijana. Lucius alifariki mwaka 2 BK na Gaius mwaka 4 BK, ndipo Augustus akamwasili Tiberius.

Mwalimu, Moshi: Ahsanteni sana. Nitawapa wanafunzi dinari hiyo waichambue.