Mawe mawili yalisema nini?

Mtazamaji wa Jinja: Ndugu zangu, juzi nilitazama katika kibanda cha video Everything Everywhere All at Once, filamu ya mwaka 2022 iliyotwaa tuzo 7 za Oscar. Mapigano yalinifurahisha, hasa pale mume mpole anapowaangusha walinzi kwa mkoba wake wa kiunoni, lakini kurukaruka kutoka ulimwengu mmoja hadi mwingine kulinichosha, na mawe mawili yalipotokea ukingoni mwa genge watu walipiga miluzi wakidhani mashine imekwama. Je, mlioielewa mliona nini?

Mwalimu, Arua: Ndugu, huenda kosa si lako bali ni la vijei wenu, yule anayefasiri filamu kwa sauti kibandani. Pale kwenye mawe hakuna anayetamka neno. Mama na binti wanazungumza kwa maandishi tu, kwa hiyo asiyesomewa hapati kitu. Tena mama huyo, Evelyn, aliyeigizwa na Michelle Yeoh, huongea Kikantoni na baba yake, Kimandarini na mumewe Waymond, na Kiingereza na bintiye Joy, ambaye Kichina chake ni cha kubabaisha. Vijei akizigeuza zote kuwa Kiluganda, umbali kati ya babu na mjukuu unafutika. Nyumbani kwangu nyanya huongea Kilugbara, mimi na mke wangu Kiswahili, na watoto Kiingereza cha shule. Joy alipokosa neno la kumwambia babu yake, nilisimamisha filamu kwa muda.

Dada wa Gulu: Naafikiana na Mwalimu kuhusu lugha, ila ngumi nazo zisidharauliwe. Ustadi wa kung-fu Evelyn anauazima kutoka maisha ambayo alikataa kufuatana na Waymond, akafunzwa kupigana na kuwa nyota wa sinema. Maana yake ni kwamba kila teke analorusha linamwonyesha jinsi ambavyo angeishi bila mume huyo, bila duka la kufulia nguo na bila madai ya kodi. Hata hivyo, dakika 139 ni nyingi, na ule ulimwengu wa watu wenye vidole vya soseji ulimfanya mama yangu ainuke akapike.

Mtazamaji wa Jinja: Asanteni. Sasa nacheka, kwa sababu baada ya miluzi ile vijei wetu aliyapa mawe sauti: moja likawa baba mkwe, lingine kijana aliyekuja na mahari pungufu, na walibishana kuhusu idadi ya ng'ombe hadi mawe yakaondoka. Nitaitafuta yenye maandishi.